Anwani ya Cherehani

Makao makuu
Jumanne, 4 Februari

Dada,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko wangu, sijaugua wala sijafiwa. Barua pepe zote za ofisi siku hizi zinapita kwa mkaguzi, simu ya tawini kwako iko juu ya kaunta na kila mteja anakusikia, na simu yangu mimi iko kwa fundi, kioo kimepasuka vibaya. Kwa hiyo nampa Honi, dereva wetu, barua hii aje nayo kwenye lori la vipuri. Yeye hasomi barua za watu, anasoma magazeti ya zamani tu.

Kazi niliyopewa unaijua. Mikataba yote ya kukodisha mashine, ya hapa na ya matawini, inatoka makabatini na kuingia mtandaoni. Mteja aliyekodi jenereta, friji ya duka au cherehani atafungua simu yake na kuona kila kitu: amekodi nini, mashine imewekwa wapi, fundi atakuja lini kuihudumia. Mkurugenzi amesema nikiimaliza vizuri nitakuwa mkuu wa kitengo. Wewe na mama ndio mlionilea, mnajua nilivyokuwa naogopa hata kunyoosha mkono darasani. Basi fikiria ninavyojisikia.

Mafaili ya tawi lako yamekuja safi kama kawaida yako, isipokuwa jambo moja. Fundi wetu anayezunguka ameandika kwamba amehudumia ovaloki huko kwenu, ile cherehani ya kushona pindo. Mimi sina mkataba wake. Iko kwa nani? Nitafutie faili umpe Honi.

Habari njema ni kwamba tumechagua wateja wachache waujaribu mfumo kabla ya wengine, na wa kwanza kujiandikisha ni Kepteni. Si unamkumbuka, nahodha wa timu yetu ya maveterani, mwenye karakana ya sare za shule? Mashine ya kudarizi alikodi kwetu pamoja na mkewe. Shemeji bado yuko kwao anamuuguza mama yake, mwaka unakaribia sasa. Jamaa anajipikia mwenyewe na amekonda. Namhurumia kweli.

Mdogo wako


Tawini
Jumatano, 12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Faili unalolitaka limeliwa na paa. Mvua iliingia kwenye droo ya chini, karatasi zikawa uji. Nitaliandika upya nikipata nafasi. Mashine iko salama, mteja ni mwaminifu, naiona mwenyewe kila nikipita. Wewe endelea na hizo nyingine.

Nina maswali, maana nami nitaulizwa na wateja. Mtu akiwa na mkataba wa zamani huko kwenu na mwingine mpya hapa kwangu, mfumo utajuaje kwamba ni yule yule? Na kama ule wa zamani ulisainiwa na watu wawili, mmoja anaweza kuona kile mwenzake alichokuja kukodi baadaye, peke yake? Anwani inaonekana kwa nani? Inaweza kufichwa?

Halafu nina ombi. Usizungumze habari za tawi langu na Kepteni. Sina maana yoyote. Wateja wa huku hawapendi kujadiliwa na watu wa huko, basi.

Kula vizuri. Mkuu wa kitengo aliyekonda hatishi mtu.

Dada yako


Makao makuu
Jumatatu, 17 Februari

Dada,

Shikamoo. Nakujibu maswali yako kwanza. Mfumo unafuata namba ya kitambulisho. Namba moja, mtu mmoja, popote alipokodi. Watu wawili wakiwa wamesaini pamoja, akaunti yao ni moja na kila kilicho chini ya namba zao wanakiona wote wawili. Huo ndio uzuri wake, hakuna kinachopotea. Anwani haifichwi, kwa sababu mafundi wanaifuata hiyo hiyo, na ramani yake ipo.

Sasa nisikilize na mimi. Maswali yako si ya wateja. Na droo yako ya chini unawekea viatu vya mvua, niliiona nilipokuja. Mafaili unayaweka rafu ya juu. Tangu lini unanidanganya? Kama umempa mtu mashine ya kampuni kwa huruma, bila mkataba, niambie, tuirudishe kimya kimya. Mkaguzi anakuja kwenu mwezi ujao. Akikuta mashine haina karatasi hataandika kwamba una moyo mzuri, ataandika wizi. Na watasema nilijua, kwa sababu wewe ni dada yangu.

Nimemwomba fundi karatasi yake ya huduma. Mteja aliisaini na namba ya kitambulisho ipo. Faili lako lisipofika kufikia Ijumaa, nitauingiza mkataba kwa kutumia hiyo. Utanikasirikia, lakini nakuokoa.

Kuhusu Kepteni, sielewi alikukosea nini. Yeye anakusalimu kila tukionana. Juzi aliniuliza tawi lako liko mji gani hasa, na kama lina wateja washonaji. Nadhani anataka kufungua karakana ya pili.

Mdogo wako


Tawini
Alhamisi, 20 Februari

Usiuingize mkataba. Kama umewasha kompyuta, izime kwanza, kisha usome.

Nimepiga simu ofisini kwenu leo asubuhi. Msichana wa mapokezi akasema uko chumba cha mikutano na wateja wa majaribio, akafungua mlango akuite, simu ikiwa bado mkononi mwake. Nikamsikia Kepteni akiuliza ni nani anakutafuta. Nikakata. Sasa naituma barua hii kwa basi, nimewalipa waifikishe hadi mezani kwako.

Shemeji yako hamuuguzi mtu. Mama yake ni mzima, na hajui mwanawe aliko.

Alikuja kaunta kwangu akitafuta cherehani ya kukodi, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Hakujua kwamba nafanya kazi hapa. Aliponitambua aligeuka aondoke, nikamfuata hadi nje, nikamkuta ameegemea ukuta anashindwa kupumua. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Sare za shule fulani zilichelewa, na Kepteni akamshikilia mkono ndani ya droo ya meza ya kukatia vitambaa, akaisukuma droo kwa goti. Haikuwa mara ya kwanza, ila safari hii ulikuwa ule wa kushoto, mkono wake wa kazi. Alipopona kidogo akaondoka na nguo alizovaa.

Nikampa ile ovaloki. Mkataba upo, umesainiwa, analipa vizuri kuliko wengi, na faili liko nyumbani kwangu. Nimelificha kwa sababu namba yake ya kitambulisho ni ile ile iliyo kwenye mkataba wa mashine ya kudarizi. Ukiiingiza, Kepteni atafungua simu yake na kusoma mlango anaolala mkewe.

Aliniapisha nisikwambie. Nilimwambia wewe ni mtu mwema. Akasema, "Najua. Lakini anampenda, na mtu unayempenda unamwambia mambo."

Nimevunja kiapo changu. Nijibu upesi, hata kwa kutuma mtu.

Dada yako


Makao makuu
Ijumaa, 21 Februari, asubuhi

Dada,

Shikamoo. Pumua sasa, yamekwisha. Nilifika ofisini mapema kabla ya watu na nimeuingiza. Karatasi za fundi huingia kwa mkupuo, sikuangalia hata jina. Kompyuta iliniandikia tu kwamba mkataba wa tawi lako umeungana na akaunti iliyopo. Maana yake mteja wako ni wa siku nyingi na anajulikana, na wewe huna doa. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Wasiwasi wote ule wa nini?

Mteja atapata ujumbe kwenye simu leo hii, kwamba mashine imeongezwa kwenye akaunti yake, pamoja na anwani ilipo. Mkaguzi akija mwonyeshe hivyo tu.

Naondoka sasa hivi kwenda kuwafundisha watu wa tawi la milimani. Nitarudi Jumatatu. Honi anapakia, namkimbilia nimpe hii.

Mdogo wako


Tawini
Jumapili, 23 Februari

Sijui nianzie wapi, na sijui namwandikia nani.

Honi alifika jana mchana. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaishia pale penye ujumbe wa simu. Nikafunga ofisi, nikamwacha mteja nje na risiti yake mkononi. Nilimwambia Honi kuna mwanamke wa kuhamishwa, akaanza kushusha matairi kwenye lori ili kupata nafasi.

Alikuwa anakaa kwenye chumba nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Tulimkuta anashona magauni ya wauguzi. Nilipomwambia, mguu wake haukutoka kwenye pedali hadi pindo lilipofika mwisho. Akakata uzi. Akauliza Kepteni ameona tangu lini. Nikamwambia tangu jana yake asubuhi.

"Basi yuko njiani," akasema.

Hakulia. Aliniambia tuanze na nguo za wateja, kwa sababu yeye akikimbia na nguo za watu ataitwa mwizi huku pia. Honi akafungua skrubu, akabeba kichwa cha mashine, meza tukaiacha. Wakaondoka wawili. Mimi nikabaki kufagia na kumrudishia ufunguo mwenye nyumba.

Sikumaliza kufagia. Gari lilisimama mbele ya mlango, karibu kiasi kwamba mtu hawezi kupita. Kepteni akaingia, akanisalimu kwa heshima zote, akatazama ile meza yenye tundu katikati. Kisha akaniinulia simu yake niione.

"Nimekuja kuangalia mashine yangu. Iko kwenye akaunti yangu."

Nikamwambia mashine ni ya kampuni na imerudi kutengenezwa. Akavuta stuli ya mkewe, akakaa. Akasema hana haraka. Akasema wewe ni kijana mzuri, umemwelekeza kila kitu kwa uvumilivu, hata jinsi ya kuikuza ramani mpaka mlango uonekane. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekuja kuposa. Nilishika ule ufagio kwa mikono miwili. Akainuka, akausukuma mlango kwa kisigino ukafungika, akaniuliza lori limeelekea wapi.

Wauza vipuri ndio walionitoa. Walimwona akifunga. Wakaja wakaufungua, wakasimama pale pale, mmoja na mnyororo wa baiskeli begani, mwingine bado anatafuna. Kepteni akawasalimu nao. Akapanda gari akaondoka polepole.

Shemeji yako yuko salama leo. Kesho sijui.

Barua yangu ya Alhamisi ilikwenda kwa basi. Kama uliisoma kisha ukauingiza mkataba hivyo hivyo, ukiamini maneno ya rafiki yako kuliko yangu, usiniandikie tena.


Makao makuu
Alhamisi, 27 Februari

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Barua yako ya basi niliikuta mezani Jumatatu, juu yake mtu ameweka kikombe. Barua ya Jumapili aliniletea Honi siku hiyo hiyo jioni. Ya kwanza niliisoma nimesimama, ya pili nilikaa sakafuni. Niliuingiza mkataba kabla ya kusoma. Sina namna ya kukuthibitishia, ila neno langu.

Nilichofanya kwanza ni kuuondoa mkataba ule kwenye akaunti. Kisha nikatazama kumbukumbu ya nani aliingia. Kepteni aliifungua ile ramani Ijumaa kutwa, akaacha, akaifungua tena usiku, tena alfajiri. Dada, mimi ndiye niliyemfundisha kuikuza.

Jumanne alikuja. Alitaka kumwona mkurugenzi na akaomba niwepo kama shahidi wake. Akaweka mkono begani kwangu kama tunavyofanya kabla ya mechi. Alieleza kwa utulivu kwamba mashine imefutwa kwenye akaunti yake, kwamba mkewe ana matatizo ya akili, na kwamba dada wa mfanyakazi mmoja anamficha kwa mali ya kampuni. Mkurugenzi akanigeukia. Nikasema yote, kuanzia ile droo ya meza ya kukatia. Nikasema pia kwamba niliingiza mkataba kwa karatasi ya fundi bila kusoma jina, jambo ambalo ni kosa, na mkaguzi, aliyekuwa ameketi pembeni, alikuwa anaandika.

Kepteni hakupandisha sauti. Aliondoa mkono wake, akaniambia nimevunja nyumba ya mtu kwa kusikiliza maneno ya wanawake. Akatoka bila kuaga.

Mkurugenzi amesimamisha mfumo wote. Kila mtu mzima atakuwa na akaunti yake, na anwani wataiona mafundi tu. Ukuu wa kitengo siupati. Wewe utaandikiwa onyo kwa kuficha faili. Nilibisha, nikaambiwa nikae.

Mimi nimepewa kazi ya kuwapigia simu wote waliosaini wawili wawili, kila mmoja peke yake, kumuuliza anataka nini kionekane. Wengi wanaona ni usumbufu. Jana nilimpigia mwanamke mmoja. Akaniuliza kama mumewe nitampigia kabla yake au baada yake, na kama nitamwambia yeye alijibu nini. Nikamwambia sitamwambia chochote. Akasema atanipigia mwenyewe, akiwa nje ya nyumba.

Mwambie shemeji. Sijui umwambie nini. Mwambie tu kwamba nimejua.

Mdogo wako


Jumapili, 9 Machi

Shemeji,

Nakuita hivyo kwa mazoea, mpaka nipate jina jingine la kukuita. Barua hii ataileta dada yako. Usimuulize ameichukulia wapi.

Amenisomea ulichoandika. Nilikukasirikia sana, na sehemu ya hasira hiyo ninayo bado. Ulikaa mezani kwetu mara nyingi, ukala chakula nilichopika, ukacheka vichekesho vyake. Nilikuwa nakutazama nikisubiri uone. Hukuona. Najua anavyojua kujificha, hata mimi aliniweza. Lakini nilikuwa nasubiri.

Nimekwenda polisi, na sasa tuko mahakamani. Naomba azuiwe kunikaribia. Safari ya kwanza alivaa suti na kusema kwamba hakunifuata. Amesema mimi ndiye niliyemtumia anwani, kwamba nilimwita tupatane, na kwamba dada yako ndiye aliyenitorosha alipofika. Amesema ujumbe upo kwenye simu yake. Kweli upo, ni ule wa kampuni, na jina langu limo. Hakimu alinitazama kama mtu aliyeanza kuchoka kunisikiliza.

Dada yako anaweza kusema alichokiona chumbani. Kilichotokea kwenye kompyuta hakijui. Anayejua ujumbe ule ulivyotoka, na kwamba sikuutuma mimi, ni wewe peke yako.

Pole zako sizihitaji. Nakuhitaji uje useme. Kesi ni tarehe ishirini na nne, saa tatu asubuhi. Yeye atakuwepo, atakusalimu, na atakuwa mpole. Kama unajua hutaweza mbele yake, niambie sasa, nisikutegemee.

Fundi cherehani


Makao makuu
Ijumaa, 14 Machi

Shemeji,

Nitakuja.

Nimemwambia mkurugenzi jana. Mwanasheria wa kampuni alikuwepo, akasema nikisimama mahakamani wateja wote watajua kwamba tulifichua anwani ya mtu, na kwamba hakuna aliyenilazimisha. Akapendekeza niandike maelezo mafupi, wao wayapitie kwanza. Nikamwambia nimeitwa mimi, nitazungumza mimi. Mkurugenzi akasema siku hiyo itahesabiwa kuwa ya likizo yangu, na nikirudi tutazungumza kuhusu kazi. Sijui tutazungumza nini.

Nakuja na kumbukumbu ya mfumo, iliyopigwa muhuri. Inaonyesha mkataba uliingizwa kwa jina langu la kazi, ujumbe ukatoka kwenye kompyuta bila mtu kuutuma, na yeye akaifungua ramani. Hakuna mahali ambapo wewe uligusa chochote. Nitamweleza hakimu taratibu, na asipoelewa nitarudia.

Kepteni alinisubiri kwenye maegesho Jumatano. Alitaka kujua kama bado tuko timu moja. Nilimwogopa, sitakuficha hilo. Nilimwambia tarehe ishirini na nne nitakuwa shahidi wako. Nikamwambia mimi mwenyewe ili asije akafikiri kuna aliyenituma.

Nitafika kabla ya saa tatu. Nitakaa upande wako, mstari wa mbele, mahali utakaponiona bila kugeuza kichwa.

Shemeji yako, mpaka uniite jina jingine